Emili, Mwana wa Otilia

Kwanza niwataje waliokuwepo, maana habari isiyo na watu wake ni mchuzi usio na chumvi. Alikuwepo binti yangu Zainabu, mwenye ofisi ya kago hapa Guangzhou, ndiye aliyenitoa Pangani akanileta nikae naye. Alikuwepo Tatu, binti wa Zainabu, mjukuu wangu, anayesoma chuo hapahapa na kukiongea Kichina kama aliyezaliwa nacho. Alikuwepo Njeri wa Nairobi, mfanyabiashara wa nguo, anayechangia kontena na Zainabu. Alikuwepo Mama Liang, jirani yetu wa ghorofa ya chini, aliyetuletea chakula akanogewa akakaa. Alikuwepo Dani, mgeni wa Njeri, mnunuzi wa vifungo na zipu, Myahudi mzaliwa wa Nairobi, mtu mzima mwenye ndevu za mvi. Na mimi, Mwanaidi binti Athumani bin Kombo.

Ilikuwa Ijumaa, mwanangu, na hata sasa nikiikumbuka moyo unanidunda kama ngoma ya mdumange. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo nivumilie mwandiko. Lakini majina sikufundishwa shuleni. Majina nilifundishwa na baba yangu, na ndiyo habari yenyewe hii.

Njeri na Zainabu walikuwa wametoka Guangyuan Xilu, kule kwenye maduka ya jumla ya nguo, na Njeri alikuwa bado anafoka.

"Yule laoban mwenye duka ni mwizi! Jana bei nyingine, leo bei nyingine, nikimuuliza sababu ananiambia meiyou, meiyou, hakuna, hakuna!"

"Si ungemwachia sweta zake?" akasema Zainabu.

"Nimwachie? Na kontena linaenda bandarini Nansha Jumatatu? Aki nilinunua huku nikimtukana kwa Kikuyu."

Basi tukacheka, tukakaa kula. Zainabu akampakulia Dani biriani. Dani akaweka mkono kifuani. "Asante sana dada, lakini mimi nitakula yai la kuchemsha na chungwa."

"Msimshangae," akasema Njeri. "Dini yake inachagua nyama kuwashinda nyinyi."

"Tumshangae vipi," Zainabu akajibu, "sisi tunaouliza halali kwenye kila mlango wa mkahawa mji mzima?"

Mama Liang, kwa upendo wake, akachota mboga yake akaniwekea kwenye sahani. Ilikuwa mianzi michanga, imekatwa vipande vyeupe, inanukia tangawizi. Nikaisogeza pembeni taratibu.

"Bibi," akasema Tatu, "ni mianzi tu hiyo. Onja, mama wa watu amehangaika."

"Mwambie namshukuru. Lakini mianzi mimi siili. Mianzi ilimbeba Emili."

Yai la Dani likasimama njiani, halijafika kinywani. "Emili gani, Mama?"

"Emili mwana wa Otilia," nikamjibu, kama nilivyozoea kulitaja jina hilo maisha yangu yote.

Weee! Mwanangu, Dani aliinuka kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka. Mama Liang akadhani yai limemkaba, akamrukia na kumpiga mgongoni, pu! pu! Yule mzee wa watu anajaribu kusema na huku anapigwa, na Tatu anapiga kelele kwa Kichina kwamba mwache, hajakabwa. Alipopata pumzi akasema, "Otilia ni bibi yangu. Mzaa mama. Emili ni mjomba wangu. Aliuawa vitani Bama kabla sijazaliwa."

Ngoja sasa nikurudishe nyuma, nisije nikakuchanganya.

Baba yangu Athumani alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, alikwenda Bama, huko Asia, katika vita vile vya Mjapani. Aliporudi hakuwa mtu wa kujisifu. Lakini kila Alhamisi baada ya Magharibi alitukusanya ukumbini kuwaombea marehemu. Alitaja majina moja moja, nasi watoto tukayarudia: mama yake, baba yake, shangazi zake, wadogo zake waliokufa kwa ndui. Na baada ya wote, "Emili mwana wa Otilia." Ndipo mama akafungua chungu cha uji wa mchele. Mimi nilikuwa mdogo, nilidhani Emili ni ndugu wa ukoo wa mbali.

Kaka yangu Hamza ndiye aliyeuliza. Alikuwa ameanza kuota ndevu, na kijana akiota ndevu hudhani na akili zimeota siku hiyohiyo. Baba alipofika kwa Emili, Hamza akanyamaza.

"Mbona hurudii?"

"Baba, huyu si wetu. Si Mwislamu, si mtu wa Pangani, hata Mwafrika si. Tunamtajia nini?"

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Baba akakunja mkeka. Tukashangaa, kwa kuwa dua haijafungwa. Akasema, "Basi leo haombewi mtu."

Mama akashtuka. "Athumani! Hata mama yako?"

"Hata mama yangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba maiti hana wenyeji wala ugeni."

Uji ukapoa kwenye chungu, hakuna aliyethubutu kuugusa. Mzee ambaye hajawahi kutupigia kelele, siku ile hakupiga kelele pia, na ndiyo maana tuliogopa. Kisha akamwita Hamza akae mbele yake, akatusimulia. Yale aliyotusimulia ndiyo niliyomsimulia Dani siku ile mezani, na Dani hakukaa tena. Alisimama wima kama askari mpaka nikamaliza.

Emili alizaliwa Ujerumani. Kwao walikuwa na duka la mikate, mpaka walipotawala watu waliowachukia Wayahudi, wakavunja duka na kuwafukuza. Baba yake alikwisha kufa. Mama yake Otilia akafunga mizigo, akapanda meli na Emili na binti mdogo anaitwa Ruti, wakashukia Mombasa, wakapata kazi kwenye shamba karibu na Nakuru. Otilia akaanza tena kuoka, watu wakamwita Mama Mikate. Emili akakua na wachungaji na wapishi, akajifunza Kiswahili, akajifunza na udereva, akawa anaendesha lori la pareto. Vita vilipoanza, kwanza serikali ilimfungia, eti ni Mjerumani! Mtu amekimbia moto, unamwambia wewe ndiwe moto. Walipomfungulia, badala ya kununa, akaenda kujiandikisha jeshi.

"Nilitaka nipelekwe nikapigane na wale waliovunja duka la mama," alikuwa akimwambia baba. "Wamenileta kwenye mvua na ruba!"

Walikutana kwenye lori moja, Emili dereva, baba yangu utingo. Na unajua urafiki wao ulianzaje? Kwa kopo la nyama. Siku ya kwanza waligawiwa chakula, likaja kopo la nguruwe. Baba akalisukuma. Akamwona na dereva wake Mzungu naye analisukuma. Wakatazamana. "Na wewe?" "Na mimi." Wakacheka mpaka machozi, wakaenda kubadilishana na wenzao kwa sadini. Tangu hapo wakawa kitu kimoja.

Lori lile Emili aliliandika jina kwenye ubao wa ubavuni, kwa rangi nyeupe: OTILIA. Baba alisema hata wakubwa wa jeshi wakiulizana waliuliza, Otilia imefika? Otilia imekwama? Na kila Ijumaa jua likikaribia kuzama, kama hakuna risasi, Emili alisimamisha gari, akawasha vipande viwili vya mshumaa ndani ya kopo tupu ili mwanga usionekane, akasoma maneno yake. Baba alipenda kusema, "Ijumaa yangu ikiisha, ndipo ya Emili inaanza. Tukipokezana hivyo, Mungu hakosi mtu wa kuzungumza naye."

Siku aliyouawa walikuwa wamebeba majeruhi. Lori likazama kwenye tope karibu na mto. Mizinga ikaanza kusikika, inakaribia. Emili akamwambia baba, "Athumani, kata mianzi tuweke chini ya magurudumu." Baba akaingia porini na panga. Huku nyuma Emili akawashusha majeruhi mmoja mmoja mgongoni, akawaficha kwenye miti. Walipokuwa wote wamelala salama, mmoja akalia kiu. Emili akarudi garini kuchukua debe la maji. Kombora likatua hapo.

Baba alitoka porini na mianzi begani. Ile mianzi aliyoikata kulinasua gari ndiyo aliyoifunga kwa kamba ikawa jeneza. Alichimba kaburi kwa sepetu ya lori, yeye na majeruhi wawili walioweza kusimama. Akamfumba macho. Kisha akakwama, mwanangu. Hakujua Wayahudi husema nini kaburini. Kwetu pwani, maiti akishalazwa kaburini, katika talakini anayosomewa huitwa kwa jina la mama yake, maana mama ndiye asiyetiliwa shaka. Baba akaona asimsomee yasiyo yake, lakini pia asimwache afukiwe kama gogo. Akainama akamwita tu: "Ewe Emili, mwana wa Otilia. Mimi Athumani nipo hapa. Hukuachwa." Na pale kichwani akang'oa ule ubao wa lori, akausimika uwe alama.

Vita vilipokwisha akashuka Mombasa, na kabla ya kurudi kwake Pangani akapanda treni mpaka Nakuru kumtafuta huyo mama. Akakuta shamba lina watu wengine. Mama Mikate? Ameshahama. Wapi? Hakuna ajuaye.

"Sasa sikiliza," baba alimwambia Hamza. "Hili jina si la kuombea tu. Ni amana, na mwenyewe sijampata. Nikifa sijafikisha, utafikisha wewe. Ukifa wewe, atafikisha Mwanaidi. Ukiitupa njiani kwa sababu mwenyewe si wa kabila lako, utakuwa umemtupa baba yako pia, maana ahadi niliitoa mimi."

Alhamisi iliyofuata, nani alianza kutaja? Hamza. Na alianza na Emili, kabla ya bibi yake mwenyewe. Baba alimsogezea tu bakuli la kwanza la uji. Hamza ametangulia, Mungu amrehemu, na amana ikabaki kwangu. Nikawa nayo Pangani, nikapanda nayo ndege, nikashuka nayo pale uwanja wa Baiyun. Wazee walisema milima haikutani, wanadamu hukutana, lakini wallahi sikudhani tungekutana kwa sababu ya sahani ya mboga!

Nilipomaliza, Dani alikuwa analia na kucheka pamoja. "Otilia alipata karatasi moja tu," akasema, "kwamba mwanawe ameuawa. Kaburi halikujulikana. Alikufa hajui. Na mama yangu, Ruti, yule binti mdogo wa meli, kila mwaka anamwashia kaka yake mshumaa na kuuliza swali lilelile: alizikwa, au aliachwa njiani? Wale waliopita baada ya vita kukusanya makaburi ya askari walikuwa wanatafuta kaburi la mwanamume. Labda waliuona ubao, wakasema hapa amelala mwanamke anaitwa Otilia."

"Na mama yako yuko hai?" nikauliza.

"Yuko hai, lakini yuko kitandani. Daktari ametuambia tujiandae. Leo yupo, kesho sijui."

"Basi unasubiri nini? Mpigie!"

Hapo ndipo tulipoijua haraka ni nini. Mama Ruti masikio yamechoka, lazima akuone midomo, kwa hiyo ni simu ya picha tu. Na huku Uchina simu ya picha ya nyumbani haipiti mpaka uipitishe mlango wa nyuma, wenyewe wanauita VPN, na siku ile mlango ulikuwa umegoma. Dani anabonyeza, kiduara kinazunguka. Anabonyeza tena, kinazunguka. Zainabu anajaribu ya kwake, Njeri anajaribu ya kwake huku anaitukana, akiniambia kwamba anayemuuguza Mama Ruti ni binamu yake. Na dirishani jua linateremka nyuma ya maghorofa.

Lilipozama, Dani akailaza simu mezani kifudifudi, akaondoa mkono kama aliyegusa jiko. "Sabato imeingia," akasema. "Sishiki tena mpaka kesho jua lizame."

"Dani, acha mchezo!" Njeri akamrukia. "Mama anakufa! Mungu si ataelewa?"

"Mungu ataelewa. Mama ndiye hataelewa. Akiniona na simu siku ya Sabato, atakufa kwa hasira kabla ugonjwa haujamfikia."

Hata katika hali ile tulicheka. Lakini nilimtazama yule mtu, mikono ameiweka nyuma kama mtoto aliyekatazwa halua, macho yako kwenye simu. Hakuniomba. Dini yake haimruhusu hata kuniomba. Na mimi nikaona wazi kwamba hakuwa na haja ya kuomba, kwani aliyeagizwa si yeye.

"Njeri," nikasema, "umeniambia anayemuuguza Mama Ruti ni binamu yako."

"Ndiyo, Shosho. Anaitwa Wambui."

"Mpe Tatu namba ya Wambui. Sabato ni ya Dani, amana ni yangu. Baba yangu hakuniambia nifikishe siku nitakayopata nafasi."

Tatu akahangaika na ule mlango wa nyuma. Sisi tukaswali Magharibi. Hatujakunja miswala, tukasikia ukelele: "Imeshika! Bibi, imeshika, njoo!"

Mbio! Mimi na magoti yangu haya! Kwenye kioo nikamwona Wambui, na nyuma yake dirisha lenye jua kali. Maana kwetu magharibi imeshaingia, lakini Nairobi ilikuwa mchana kweupe, Sabato yao bado. Mungu ametandika dunia hivi, mwanangu, kwamba mlango ukifungwa kwako, kwa mwenzio uko wazi. Wambui akageuza simu. Kikongwe, nywele nyeupe pepe, macho makali kama ya kipanga.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wewe ni nani? Dani yuko wapi?"

"Mimi ni Mwanaidi binti Athumani. Baba yangu alikuwa utingo wa kaka yako Emili, Bama. Lori lao liliitwa Otilia."

Wambui akadhani hakusikia, akataka kurudia. Mama Ruti akainua kidole. "Lori aliliita Otilia?"

"Ubavuni, kwa rangi nyeupe."

Akaangua kicheko! Kicheko kilichompa kikohozi. "Mama angemchapa! Mama alichukia malori! Yananuka, alisema, yanaharibu mkate!" Kisha kicheko kikaisha, akausogeza uso mpaka ukajaa kioo. "Alizikwa?"

"Alizikwa, Mama. Baba yangu alimfumba macho kwa mkono wake, akamchimbia, akambeba kwa mianzi."

"Kulikuwa na mtu wa kusema naye?"

"Alikuwepo. Alimwambia: Ewe Emili, mwana wa Otilia, mimi Athumani nipo hapa, hukuachwa. Na kichwani akamsimikia ule ubao wenye jina la mama yenu."

Alifumba macho muda. Nikaogopa, nikasema moyoni, ya Rabi, nimemuua. Halafu akasema polepole, si kwangu, "Kwa hiyo Mama alikuwa naye."

Dani amesimama nyuma yangu, mikono bado iko nyuma, machozi yanadondoka kwenye ndevu, na hakuyafuta.

"Na Dani yuko wapi?" akauliza tena.

"Yuko hapa anatusikia. Sabato imeingia huku, hagusi simu."

"Mwambie amefanya vizuri. Na mwambie ale. Najua hajala."

"Amekula yai, Mama."

"Yai! Mtu mzima, yai!"

Nikamweleza kwamba mpaka leo kila Alhamisi tunamtaja kaka yake. Akaniuliza wanaotajwa ni marehemu tu? Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi zamu yangu ikifika, msinisahau. Na mimi ni mwana wa Otilia." Nikamwambia, "Wewe hatukuandalii uji bado, pumzika."

Na unajua, mwanangu, kikongwe yule hakufa! Amekataa! Daktari anashangaa. Kila Ijumaa mchana wao, kabla Sabato yao haijaingia, Wambui anapiga, na mimi nasimulia upya, habari ya kopo la nguruwe, habari ya lori. Nikiruka neno ananirudisha. Na Mama Liang ameacha kuniletea mianzi. Tatu alimweleza yote, akalia, siku ya pili akaja na tofu.

Sasa shika nasaha yangu. Ukikabidhiwa jina la mtu, usiulize ni wa dini gani wala wa nchi gani. Lipokee, litaje mbele ya watoto wako, na ukimpata mwenyewe, fikisha saa ileile, usingoje kesho. Jua huzama. Baba yangu alisafiri mpaka Nakuru akarudi mikono mitupu, hakuona faida ya wema wake, lakini wema hauozi: alioutenda porini Bama umekuja kuiva mezani kwa binti yake, Uchina. Na wewe uliye ugenini kutafuta riziki, mjue jirani yako kwa jina, na mama yake umjue kwa jina. Ipo siku mtu atahitaji kuitwa, na utakuwepo wewe peke yako.

Mungu akujalie safari zenye kurudi, na pale usipoweza kurudi, akujalie mtu wa kusema nawe. Jina lako lisikose kinywa cha kulitaja. Amina.

Na kama kuna nililolikosea, labda ni mto si mto, labda kopo halikuwa la sadini, nisahihisheni mnaojua, wa Pangani na wa Nakuru. Mama Ruti ameshanisahihisha moja: duka la kwao Ujerumani, anasema, halikuuza mikate tu, liliuza na keki.